Laiti Ungekuwapo Tulipoihukumu Sinema ya Mtoto Mcheza Ngoma

Mama Karisa mpendwa,

Nina hasira, nawe wajua kwamba mimi nikikasirika huandika. Ulipokuwa hai nilikuwa nakusomea nilichoandika, ukacheka mpaka hasira ikanitoka, kisha karatasi ukaiwashia moto wa jikoni. Sasa hakuna wa kunicheka, basi na wasome wote.

Jambo lenyewe ni sinema. Mwalimu Pendo, yule binti anayewafundisha wasichana wa shule yetu hapa Junju kucheza ngoma, aliipata mahali nisipopajua. Inasimulia habari za msichana mdogo anayetaka kuwa mcheza ngoma mashuhuri. Pendo alitaka watoto wake waione kabla ya tamasha la muziki la shule, wapate moyo. Mzazi mmoja akasikia kwamba ndani yake mtoto anakata kiuno, akamwambia mwenziwe, na kabla ya wiki kwisha mwenyekiti wa kamati ya wazazi, Bwana Katana, alikuwa ametangaza kwamba sinema haitaonyeshwa mpaka ichunguzwe, na ikionekana chafu, kikundi cha ngoma nacho kitavunjwa. Mjukuu wetu Sidi, aliyerithi jina lako na miguu yako, yumo katika kikundi hicho. Hana jingine analolipenda shuleni.

Wakanichagua mimi niwe mtu wa tatu, niitazame pamoja na Katana na Pendo, na neno la mwisho liwe langu. Walisema mimi ni mwalimu mstaafu, sina upande. Upande ninao, ila hawakuniuliza.

Katana unamkumbuka. Ndiye mwenye spika zile kubwa anazozikodisha matangani. Ndiye anayepiga disko mtu akifa, watoto wa shule wakaruka hapo hadi alfajiri pamoja na walevi wa kila namna, na asubuhi wakasinzia darasani. Kwa hilo hajawahi kuitisha kamati. Huyo sasa ndiye mlinzi wa macho ya watoto wetu.

Nilipokuwa nikienda dukani kwake kuitazama, nilikumbuka matanga ya mama yangu. Tulikuwa tumeposana tu. Niliketi upande wa wanaume nimevaa shati langu la kazi, na padri amekaa karibu nami, mara nikasikia sauti yako kutoka uwanjani. Ulikuwa umevaa hando lako jeupe, marinda yakikupanda na kushuka kiunoni, unaongoza kifudu, ngoma ya wanawake ya matangani, na maneno mliyokuwa mkiyaimba mimi siwezi kuyaandika hapa hata leo. Padri alitazama viatu vyake. Jioni nilikufuata nyuma ya nyumba nikakuambia kwamba umeniaibisha. Ulikuwa unakunywa maji, ukamaliza kikombe kwanza, ukanijibu kwa upole, "Mwalimu, kifo ndicho kilichotutukana kwanza."

Tangu siku hiyo sikukuuliza tena habari za kiuno.

Basi tuliketi nyuma ya duka la Katana, sisi watatu mbele ya televisheni. Katana alishika rimoti. Alianza kuirusha sinema mbele, akasimama kidogo penye kucheza, akatikisa kichwa, akairusha tena. Alikuwa anatafuta viuno kama mtu achambuaye mchele akitafuta mawe, na mchele wenyewe anautupa. Nilivumilia kwa muda, kisha nikamwomba airudishe mwanzo. Akasema wateja wanamngoja. Nikamwambia nimesahihisha insha maisha yangu yote, na sijawahi kumpa mtoto alama kwa kusoma mistari niliyoishuku peke yake. Akairudisha, lakini kwa kununa.

Sasa nikuambie ukweli. Kucheza kwake yule mtoto hakuna uchafu wowote. Anacheza kama watoto wanavyocheza mvua ikinyesha. Ungemwona ungesema mabega yake yanakawia kidogo, kisha ungeinuka umwonyeshe.

Lililonikera ni jingine. Katikati ya sinema mtoto anaumia mguu. Mwalimu wake wa ngoma anafunga mlango, anamfunga kitambaa, anamwambia kwamba mama yake hana haja ya kujua, mcheza ngoma wa kweli huvumilia. Mtoto anaficha. Anacheza huku kiatu kikilowa damu, anashinda, na mwisho anamkumbatia yule mwalimu na kumshukuru, na muziki unapanda ili na sisi tumshukuru.

Pendo alikuwa anafuta machozi. Katana aliuliza kama imekwisha. Nikawauliza wote wawili wanaonaje pale mlango ulipofungwa. Katana akafikiri, akaniuliza, "Pale pana ubaya gani, Mwalimu? Si amevaa suruali?"

Mama Karisa, nikamgeukia mwenziwe. Pendo naye akasema kwamba hiyo ndiyo nidhamu, kwamba hata yeye alifundishwa hivyo, na bila uchungu hakuna kikombe. Nikawaambia uamuzi wangu hapo hapo: kikundi cha ngoma kibaki, kwa kuwa ngoma haina kosa, lakini sinema isionyeshwe, kwa kuwa inamfundisha mtoto kwamba anayemfungia mlango na kumfunga mdomo ndiye mfadhili wake. Nikaondoka nimewaudhi wote wawili kwa mara moja. Ungeniambia kwamba hicho ni kipaji.

Nyumbani nilimkuta Sidi ananingoja barazani. Unajua tunavyoitana: kwa kuwa ana jina lako, yeye ni mke wangu, na majirani hawachoki kutucheka. Akaniuliza, "Mume wangu, mmeamua nini?" Nikamweleza kwamba ngoma wataendelea kucheza, lakini sinema haifai watoto. Akafunika mdomo kwa kiganja. Nikamwuliza anacheka nini.

"Babu, sisi tulishaiona. Wote. Nyuma ya tangi la maji."

Waliionea katika simu, na simu ilikuwa ya binti yake Katana. Watu wazima watatu tulikuwa tumekaa kitako tunajadiliana kuufunga mlango wa banda, na kuku wamo shambani tangu juzi.

Nikamwuliza alimwonaje yule mwalimu. Akasema ni mzuri. Nikamwuliza, hata pale alipomwambia mtoto asimwambie mama yake? Sidi akanitazama kama mtu anayemweleza mzee jambo jepesi. "Alikuwa anampenda, babu. Asingempenda, angemwacha aseme."

Niliketi. Kila nilichokiogopa kilikuwa kimekwisha ingia, tena kimeingia peke yake, bila mtu mzima wa kukaa karibu akasema hapana, hivi sivyo.

Kesho yake nilirudi kwenye kamati nikasema sinema ionyeshwe. Ionyeshwe mchana, katika ukumbi wa kanisa, kila mtoto aje na mtu mzima wa kwao, nami nipewe ruhusa ya kuisimamisha nitakapo. Katana aliwaambia wenzake, mimi nikisikia, kwamba Mwalimu ameanza kuzeeka vibaya. Nikamjibu kwamba kuzeeka vizuri kunataka majirani wazuri. Kisha nikamvuta kando nikamweleza simu ilikuwa ya nani, akakubali haraka kuliko nilivyomjua.

Je, kila mtoto alikuja na mtu mzima? Usinichekeshe. Waliopiga kelele zaidi kuhusu maadili walituma kaka na dada, na wengine hawakutuma mtu. Mmoja alinipungia mkono kutoka juu ya bodaboda, mtoto wake akiingia ukumbini peke yake. Nilitamani niwarudishe wote, lakini wangekwenda wapi? Nyuma ya tangi.

Ilipofika pale mlango ulipofungwa nikamwashiria Pendo aisimamishe. Watoto wakaguna. Nikasimama mbele nikawauliza huyu mtoto angemwambia nani kwamba ameumia. Wakajibu kwa pamoja, "Mama," kwa sauti ile ya kuimba wanayoitumia kujibu jambo wasilolifikiri. Nilikuwa karibu kusema vizuri, tuendelee.

Mtoto mmoja akainua mkono. Anaitwa Mbeyu, wa gredi ya nne, anacheza safu ya nyuma katika kikundi cha Sidi. Alikuwa amekaa peke yake. Akasema, "Mwalimu, na kama mama ndiye aliyesema usiseme?"

Nimefundisha vya kutosha kujua swali la mtoto anayetaka kusifiwa na swali la mtoto anayetaka msaada. Sikumwuliza kwa nini. Nilisema tu, nikiwatazama wote nisimtazame yeye, kwamba mwenye mama wa namna hiyo aje kwangu, nyumba yangu wote wanaijua, na mlango huwa wazi. Kisha nikamwambia Pendo aiwashe. Pendo alikawia. Nilipogeuka nilimwona anamtazama yule mtoto, si ukuta wenye picha.

Mbeyu alikuja jana jioni, ameletwa na Sidi. Akasema shikamoo, nikamwitikia, akasimama mlangoni. Sidi akamwambia, "Mwonyeshe babu, hana maneno." Hilo la kwamba sina maneno nililipokea. Mtoto akavua ndala. Kisigino chote kimechubuka, na kidonda kimeanza kutoa usaha.

Tuliyoyapata ni haya. Mwisho wa juma mjomba wake humpeleka Bofa, kwenye hoteli, akacheze na wasichana wakubwa mbele ya wageni. Hucheza juu ya saruji bila viatu, wimbo baada ya wimbo. Mama yake amemfundisha kwamba akiulizwa shuleni aseme amechomwa na mwiba. Alitusimulia bila kulia, akaniomba nisimwambie mwalimu Pendo, kwa sababu anaogopa kuondolewa kwenye kikundi. Hapo ndipo nilipokasirika upya. Sisi tulikuwa tumekaa tunahesabu viuno vya mtoto wa kwenye sinema.

Nilipasha maji, nikatia chumvi, nikamwosha kama nilivyokuona ukiwaosha wanetu. Sidi alimshika mkono. Leo asubuhi tumekwenda naye zahanati, wamemfunga vizuri na kumpa dawa, na mwuguzi ameandika kwamba asicheze popote mpaka apone.

Sasa limebaki la kwenda kwa mama yake, nalo ni la kesho. Mama huyo namjua. Si mtu mbaya. Mumewe alimwachia watoto wanne na shamba la mihogo, na wala sikumbuki ni lini mmoja wetu aliyekuwa ukumbini alipita kwake kumwuliza hali. Nikimwendea na mdomo wangu wa mwalimu atanifungia mlango, na mtoto atapigwa kwa ajili yangu. Zamu ya mjomba itakuja baadaye, na kwa habari zake nitakwenda kwa chifu, si kwake. Lakini mama lazima nianze naye, na nianze vizuri.

Wewe ungejua. Ungepitia uani, umwombe mbegu za mchicha, ukae juu ya kinu, utete kidogo juu ya bei ya unga, umsifu mtoto mchanga, na jua likianza kushuka ungelisema lile neno kana kwamba limekujia tu. Mimi maisha yangu yote nimeanza na lile neno.

Mchicha wetu umeota, lakini sitasema. Kesho nitakwenda kuomba mbegu.

Pumzika kwa amani, na unapopumzika uniombee ulimi laini.

Mumeo,
Baba Karisa