Pakiti Moja, Kubwa

Jumatatu, 4 Agosti

Trei kumi na moja kabla ya chai. Mbili nimezirudisha sinki, damu kavu kwenye maungio ya mikasi. Mzee Madeje hakununa. Alizitazama kwenye mwanga, akasema kweli Sista, akaanza upya na brashi yake.

Nimebandika tena kanuni ukutani, ile karatasi ya zamani ilishalowa. Rafu ya kushoto: inasubiri mashine ya mvuke. Rafu ya kulia: imetakaswa. Pakiti ikishafungwa haifunguliwi mpaka ifike mezani kwa mgonjwa. Niliziandika mwenyewe miaka ile nilipopewa chumba hiki cha kutakasia vifaa.

Saa nne barua pepe. Husna, msaidizi wangu, alinisomea mara mbili, maana ya kwanza sikuamini. Tumebaki miji mitatu inayogombea uenyeji! Mkutano wa dunia wa watakasaji wa vifaa vya hospitali, na Dodoma tumo. Wenzetu wawili ni miji ya ng'ambo, yenye bahari na madaraja. Wakaguzi watakuja tarehe 20 kuona ukumbi, hoteli na chumba chetu cha kazi.

Nimefurahi mno. Husna naye alilia kidogo, akasingizia dawa ya kuoshea.

Jumatano, 6 Agosti

Dokta Fredi kapita kuchukua trei zake za upasuaji. Akaegemea dirisha, akasema hongereni waosha vyombo, nasikia mnaleta wageni waje kuona masufuria. Kila mtu alicheka. Na mimi nilicheka, ndicho kinachonikera hadi sasa.

Si mtu mbaya. Ila miaka kumi na tisa jina hilohilo. Mgonjwa akipona, hongera ya dokta. Kidonda kikioza, mbio kwetu kuuliza tulitakasaje.

Naandika hapa kwa sababu siwezi kulisema hadharani. Nautaka huu mkutano kuliko nilivyoitaka nyumba yangu. Ukumbi mzima wa watu wanaofanya kazi yangu, hapa hapa Dodoma, na Dokta Fredi kakaa kiti cha nyuma anasikiliza. Basi. Hilo tu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mji mzima uko Nzuguni kwenye maonyesho ya wakulima, mimi nasaka sahihi. Masharti yanasema kitabu cha ombi la uenyeji kiwe na sahihi na mihuri halisi, na nakala halisi ni moja, wakaguzi wanaondoka nayo. Ofisa wa jiji nimemkuta kwenye banda la mbuzi wa maziwa. Kasaini juu ya kizimba cha kuku. Muhuri ulikuwa kwenye gari, gari alikuwa nalo dereva, dereva alikuwa kwenye nyama choma.

Nimerudi na vumbi mpaka kwenye meno. Sahihi ya tano. Bado tatu.

Jumanne, 12 Agosti

Sahihi ya sita. Wa saba kasafiri. Nimekasirika siku nzima bila mtu wa kumkasirikia.

Jumapili, 17 Agosti

Buigiri kwa mama. Baada ya ibada nimewaomba yeye na wenzake waje na ngoma zao siku ya wageni. Wamekubali kabla sijamaliza kuomba. Mama kaniuliza hawa watu wote wa dunia watakuja kuzungumza nini. Nikamwambia kuosha vitu vikawa safi kabisa. Akafikiri. Akasema hao basi hawatamaliza maji ya watu bure.

Nimekula mlenda na ugali wa uwele mpaka nikashindwa kuinama kufunga viatu.

Jumatatu, 18 Agosti

Kimekamilika! Sahihi nane, mihuri nane. Jalada la plastiki linang'aa, mbele kuna picha ya mawe yetu na shamba la zabibu. Husna amekishika kama mtoto mchanga. Mzee Madeje kanawa mikono kwanza ndipo akagusa. Alitafuta ukurasa wenye picha yake akiwa kwenye sinki, akautazama muda mrefu. Anatoka Gulwe, kaosha vifaa hapa tangu mimi niko shule, na anastaafu mwakani. Picha yake haijawahi kuwa kwenye kitabu.

Upepo wa leo balaa. Vumbi linapita hata kwenye tundu la ufunguo. Nimekifunga kitabu kwenye kile kitambaa chetu cha bluu cha kufungia vifaa, safu mbili, kona zote nne, tepu, tarehe, herufi za jina langu. Mikono imezoea. Nyumbani mume wangu, Baba Nyemo, hunicheka, maana hata keki ya Krismasi naifunga hivyo.

Nilikuwa nakipeleka kabatini, simu ya hoteli ikalia, eti vyumba vimepungua. Nimebishana nao nusu saa. Vimerudi. Nimeenda nyumbani nikiimba.

Jumanne, 19 Agosti

Siwezi. Ngoja.

Kabatini hamna kitabu. Nimetafuta droo zote. Halafu nikakumbuka simu. Nilikuwa nimesimama pale karibu na rafu. Ya kushoto.

Nimemkuta Mzee Madeje anapakua mashine. Akaniambia shehena ya kwanza imetoka vizuri. Na pakiti yangu ilikuwa juu kabisa, bluu, nadhifu, mistari ya tepu imegeuka myeusi kama inavyotakiwa ikipata mvuke. Imeiva.

Nimeifungua palepale. Jalada limejikunyata kama utando wa maziwa. Kurasa zimegandana kama chapati zisizopakwa mafuta. Tumezibandua moja moja, Husna na mimi, na kisu cha plastiki. Mihuri imetanuka. Zabibu zimekuwa doa.

Nimempigia kelele Mzee. Nimeandika ili nisije nikajidanganya baadaye: nimempigia kelele mtu wa umri wa baba yangu mbele ya watu. Nikamuuliza hakuona ni kitabu? Akaenda akaleta daftari la mashine, akaniwekea mezani. Mwandiko wake ule wa kubonyeza: trei nne za upasuaji, pakiti sita za nguo, pakiti moja, kubwa. Herufi za jina langu. Saa ya kuingia, saa ya kutoka, joto, sahihi yake.

Alifuata kanuni yangu. Neno kwa neno. Mwenye kosa nilikuwa mimi, na sauti yangu ndiyo ilisikika mpaka wodini.

Dokta Fredi alikuja, ameisikia hiyo kelele. Hakutania. Kashauri niwaambie wakaguzi kitabu kimepotelea kwa watu wa usafirishaji, kingine chenye sahihi kitafuata. Ni rahisi. Nani atajua? Husna kasema angalau tuwape nakala ya kompyuta, hilo lingine tulifunike. Wakaguzi wanafika kesho saa tatu. Sahihi nane hazipatikani kwa usiku mmoja.

Jioni nimeenda kwa Mzee Madeje kwenye benchi la nje, nimempa shikamoo na nimemwomba radhi. Akasema yamekwisha, Sista. Kisha akauliza kama kesho avae koti jeupe au lile la kijani.

Nimelia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Sasa nimeacha. Sijaamua.

Jumatano, 20 Agosti

Niandike yote kabla sijasahau hata moja.

Wamekuja na treni ya umeme. Mama Aino, mrefu, nywele nyeupe, miwani kwenye kamba. Bwana Duarte, mnene mcheshi. Mama yangu na kundi lake walikuwa wameshajipanga getini, ngoma katikati ya magoti, mabega yanacheza. Mbukwenyi! wakaamkia kwa Kigogo. Bwana Duarte alijaribu kutikisa mabega, akapoteza kalamu. Mama kasema huyu anafaa.

Ukumbi wameupenda. Hoteli wameipenda. Zabibu wamekula kichana kizima wakiwa wamesimama. Mimi sikusikia ladha ya kitu chochote.

Halafu chumba chetu. Wamekagua sinki, meza, mashine. Mama Aino anapitisha kidole kila mahali, mama mkwe wangu akasome kwake. Mwisho kaomba kitabu.

Nilikuwa na ule uongo wa usafirishaji mdomoni kabisa, umekaa tayari. Nikamwona Mzee Madeje pale kwenye sinki. Kavaa jeupe. Kalipiga pasi mpaka mikono ina makali.

Nikaenda nikachukua kile kitu, kama kilivyo, na kitambaa chake na tepu yake. Nikamwambia Mama Aino, kwa Kiingereza changu cha kuunga, kwamba hiki ndicho kitabu halisi, nilikifunga mimi kwa kuogopa vumbi, nikakiweka rafu ya kushoto kwa uzembe wangu, na jana asubuhi kimetakaswa.

Mashine tu inapumua.

Alikiangalia. Hakufungua kurasa, aliangalia tepu. Mistari. Tarehe. Herufi. Akauliza nani alipakia mashine. Nikasema mimi ndiye mkosaji, akasema hapana, nauliza nani alipakia. Mzee Madeje akajifuta mikono, akasogea. Husna akatafsiri. Mama Aino alitaka kujua: kitu kizito hivi, umbo la kitabu, kwa nini hakufungua kutazama?

Mzee akaonyesha ile tepu kwa kidole.

"Ilikuwa imefungwa vizuri, Mama. Ningeifungua kuchungulia, ningekuwa nimeichafua."

Husna alipomaliza kutafsiri, Mama Aino alivua miwani. Akaomba daftari la mashine. Akasoma ule mstari na kidole chake: pakiti moja, kubwa. Akarudisha kurasa nyuma, mwezi mzima, mwaka mzima, mwandiko uleule. Akamwonyesha Bwana Duarte. Wakaongea kwa sauti ya chini.

Kisha akaanza kucheka. Si kicheko cha kutucheka. Alicheka mpaka akashika meza, Bwana Duarte akashika tumbo, Husna akaanza, mimi nikaanza nikiwa nalia, na Mzee Madeje anatutazama wote kwa huruma. Mama Aino kasema amesoma maombi ya uenyeji miaka mingi, na hili ndilo la kwanza ambalo angeweza kulitumia kwenye upasuaji.

Wakaondoka nacho. Mzee alikifunga upya kwenye kitambaa kipya, wakasimama wanamtazama anavyokunja kona.

Sijui tumeshinda au tumeshindwa. Ila leo sijadanganya mtu, na nimekula wali sahani mbili.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimelala mchana kutwa. Mwanangu Nyemo kapika. Kaunguza.

Ijumaa, 29 Agosti

Hakuna barua. Husna anaangalia simu kila akivua glavu. Nimemkataza. Mimi naangalia ya kwangu chooni.

Ijumaa, 12 Septemba

DODOMA!

Saa tano na robo. Husna kasoma neno la kwanza tu, akapiga kigelegele, na trei moja ikaenda chini, vifaa vyote sakafuni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikujali. Nimeruka, mimi, na magoti haya. Wauguzi wa upasuaji wametoka na barakoa zao kutazama kuna msiba gani. Mganga Mfawidhi kanikumbatia, mwanamke ambaye hata mkono hutoa kwa kupima. Mama nimempigia Buigiri, sikusikia alichosema, nyuma yake ngoma zilikuwa zimeshaanza.

Barua inasema walitafuta mahali ambapo kazi inafanyika vilevile hata kama hakuna mtu anayetazama. Na kwamba ukurasa wa daftari letu wa tarehe 19 Agosti utaonyeshwa siku ya ufunguzi, kwenye skrini kubwa. Wameomba ruhusa ya Mzee.

Nimemwambia. Alikuwa na mikono ndani ya maji. Akasema sawa. Akaosha mkasi mmoja, wa pili, halafu akageukia ukuta, mabega yakawa yanatikisika. Nikamwacha.

Vile vifaa vya sakafuni tumeviosha upya vyote. Saa moja nzima. Tuliimba.

Jumatatu, 15 Septemba

Trei tisa. Safi zote.

Upepo umetulia. Asubuhi Dokta Fredi kaja dirishani, kasimama kidogo bila kuegemea. Kauliza kama kuna kamati ambayo bado inahitaji mtu. Nikamwambia ya chai. Akasema hewala, vikombe ataosha yeye. Alisema kwa upole kabisa, na nimemwandika.

Mchana fomu za washiriki zimefika. Nimechukua ya kwanza, nikakaa na Mzee Madeje kwenye benchi. Mkutano ni mwaka keshokutwa, yeye atakuwa Gulwe na mbuzi zake. Nikamwambia tutamfuata, hata kama na mbuzi. Akacheka. Jina lake nikalijaza. Mahali pa kuzaliwa nikajaza.

Nilipofika kwenye kazi nikasita. Kuna vyeo vingi virefu sasa hivi, Husna anavijua vyote. Nikamuuliza Mzee niandike nini.

"Andika mwosha vyombo, Sista. Hao watanielewa."

Nimeandika. Kisha tukarudi ndani, shehena ya saa nane ilikuwa inasubiri.