Upanga wa Jogoo Machoni mwa Mama

Jumatano, 30 Agosti
Dholakia, yule wakala wa dawa, kaja dukani na matone mapya ya macho makavu. Kanywa chai yangu vikombe viwili, kisha akaanza kujisifu. Haya yanatengenezwa kwa bakteria, si kama yale ya zamani. Ya zamani yanatoka wapi? Kwenye upanga wa jogoo, akasema, ule mwekundu wa kichwani. "Hukujua, Vipul-bhai? Na wewe Mjaini mzima, dini yenu haiui hata mdudu!" Akacheka. Nikacheka naye, mpumbavu mimi. Ya zamani ndiyo ninayomtia Mama tangu sikukuu ya Holi, mwezi Machi. Kila asubuhi, kwa mkono wangu!

Alhamisi, 31 Agosti
Mama huchuja maji kwa kitambaa asije akameza mdudu. Hali viazi, maana kuving'oa kunaua viumbe vya udongoni. Nimemtia yale mapya. Yanamwasha, kasema, kama mchanga, nimrudishie yake. Hapo ndipo ningemwambia. Nikasema tu, "Haya, Mama." Nikamrudishia. Bila hayo hasomi, na kitabu cha sala ndiyo raha pekee iliyombakia. Hicho ni kisingizio. Ukweli ni kwamba namwogopa.

Jumanne, 12 Septemba
Siku nane za mfungo zimeanza. Mama anakunywa maji ya moto tu. Kanifokea kwa kumpiga mbu: "Unauza dawa, huruma huna?" Kisha akainua uso nimtie matone. Nikatia.

Jumapili, 17 Septemba
Balaa! Mama kampa mtawa wetu chupa yake ya matone. Maharaj Saumyaprabha — anayetembea peku, anayefagia pa kukaa asije akakalia sisimizi! "Maharaj sasa anasoma tena," Mama kasema, anameremeta. "Amekuombea dua wewe." Mimi! Nikaisukuma sahani kando. Mama akadhani nimeamua kufunga, akafurahi. Natamani ardhi ipasuke.

Jumanne, 19 Septemba
Leo ndiyo siku ya mwisho ya mfungo, siku ya kuombana msamaha. Asubuhi Maharaj kasimama mlangoni na bakuli lake. Chakula hapokei leo, ila chupa imekwisha. Akaniuliza, kama watawa wanavyouliza kwa kila wanachopewa: kuna kiumbe aliyeumizwa kwa ajili ya hii?
Mama akadakia. "Maharaj! Huyu ni mwanangu, angeniletea kitu kibaya?"
Chupa mpya ya yale ya zamani ilikuwa mkononi mwangu. Wote wawili wananitazama, macho ya mtawa mekundu.
Nikaiweka kwenye bakuli. Akanibariki.
Nimejifungia chumbani. Mama anabisha hodi — ameamua kuanza yeye, mkubwa kwa mdogo. Nimsamehe, anasema, kama kanikosea mwaka huu, kwa kujua au kwa kutojua.
Nimemsamehe, nimejibu.
Haondoki. Naiona miguu yake chini ya mlango.
"Haya, zamu yako, mwanangu."