Mgonjwa Aliye Juu ya Paa

Jumatatu, 3 Machi
Nimetoka kuomba kazi kwa fundi mapazia. Kaniuliza, kwa nini uliacha hotelini? Nikamwambia kweli tupu — wameleta mashine ya kupiga pasi, sisi watano wa pasi tumepunguzwa. Akacheka. Eti, "Kupunguzwa, mama? Mlibeba mashuka mangapi?"

Mashuka! Mimi ambaye hata soksi ya mgeni iliyobaki moja nilikuwa nairudisha.

Nafasi imejaa, kasema. Na kibao cha kutafuta mtu bado kiko mlangoni, nimekisoma mara mbili natoka. Nyoo.

Jumatano, 5 Machi
Wifi kaja. Mdomo kama wangu, ila wake unatunga. Kanitafutia nafasi kwa shoga yake, mkuu wa dobi pale hospitali. Ila nisitaje kupunguzwa. Niseme niliacha mwenyewe, namuuguza mume. Kaka yake huyo! Anakula sahani mbili na kukomba sufuria.

"Wifi, huo ukweli wako utaupika?" kaniuliza.

Nimekataa. Sikuiba, sikumtukana mtu. Waliotutoa wanatembea kifua mbele, mimi ndiye nijifiche? Mume yupo tu, kacheka, kaongeza sauti ya redio. Haya.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika hapa kwenye benchi, nje ya dobi.

Nimemweleza mkuu kila kitu, mashine, kupunguzwa, yote. Kashusha miwani. Kumbe wifi kapita jana! Kasema kaka yake hajiwezi, yuko kitandani, ndiyo maana niliacha kazi.

"Sasa mama, nimwamini nani, wewe au wifi yako?"

Nikasema mume wangu mzima, nimemwacha juu ya paa anaziba bati.

"Mpigie basi, tumsikie."

Simu tukaiweka mezani, sauti juu. Kapokea, anahema, nyundo bado mkononi nina hakika. Nikamuuliza, baba watoto, hujambo? Akasema mzima kabi— Kuna mtu ananong'ona kwa chini. Namjua huyo mnong'onaji.

Basi mume wangu, mwanaume mwenye kifua kama mlango, kaanza kukohoa. Kakohoa weee. "Mke wangu... maji..."

Maji, juu ya paa.

Mkuu kanitazama. Kaniambia nisubiri nje kidogo, mama. Nimetoka, simu nimeiacha mezani, haijakatwa. Mlango umefungwa lakini namsikia.

Bado anakohoa.