Kijana Anayesaga Kahawa Nyuma ya Tangi

Mwende wetu anaolewa. Mbuzi za ntheo, zile za kumfunga mchumba, zinakuja, Baba Mwende, na mimi niliyemzaa nilikuwa karibu kuzifungia geti.

Sasa nikusalimie, mume wangu. Tangu tukuzike pale upande wa juu wa shamba la kahawa, hapa Kilungu tuko salama, mvua imekuja kidogo, na msichana wako ndiye nesi anayesimamia wodi nzima huko Nairobi. Nilisema hivyo mbele ya akina mama wa kanisa, wengine wakaangalia chini. Waangalie. Akili kama hiyo haikuokotwa, ilitoka kwa tumbo hili.

Basi mchumba wake anaitwa Musyoka. Ni wa Kyuso, kule kwa ndengu na mbuzi, na kazi yake ni kutengeneza kahawa hotelini. Hapo ndipo nilianza kushuku. Mtu wa Kyuso amejulia wapi kahawa? Sisi wenyewe tuliichuma mpaka kucha zikawa nyeusi, na hatukujua ladha yake. Unakumbuka? Tunabeba magunia mpaka kiwandani, tunarudi nyumbani, tunapika chai. Ile mara moja ulikaanga mbegu kwa sufuria, ukazitwanga kwa kinu changu cha kukobolea mahindi ya muthokoi, ikawa chungu hata mbwa alinusa akaenda zake. Ukaniambia, "Mama Mwende, hii ni ya watu wa mbali." Muthokoi wetu ukanuka moshi siku nyingi.

Huyo kijana alikuja na Mwende kutusalimia. Nikachinja kuku. Nikiingia sebuleni, yeye anatoka. Nikimwangalia, anaangalia viatu. Nikampakulia chakula, akabeba sahani akaenda kula kwa ndugu yako Kimeu. Asubuhi nikasikia sauti nyuma ya tangi la maji, krr, krr, krr. Nikachungulia kwa dirisha la jikoni. Amenipa mgongo, ameshika kitu kama mkebe wa chuma wenye kamkono juu, anazungusha, anasimama, ananusa, anazungusha tena.

Ugoro, nikajua. Na wewe unajua ndani ya boma hili tumbaku haijaingia tangu tuokoke. Kama si ugoro basi ni kitu kibaya zaidi, maana Nairobi kuna mambo. Nikamwita Mwende nikamuuliza mtu wake anasaga nini huko. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ni kahawa, Mama. Anasaga ya kwako."

Kumbe zile mbegu kavu Mwende alibeba kwa mfuko safari iliyopita, huyo kijana ndiye alizikaanga huko kwake. Lakini moyo haukutulia. Kama ni kahawa, ya kujificha ni nini? Mtu asiye na ubaya hasagi akiwa nyuma ya tangi. Na kwa nini azungushe kwa mkono na mashine za stima zimejaa madukani? Mwende akasema ati kwa mkono anasikia vile mbegu inavunjika, anajua ikiwa laini ya kutosha. Nikasema mmh.

Nikaenda kwa Kimeu kumwambia hizo mbuzi tuzikatae kabla hazijakanyaga hapa, maana ntheo ikishaingia mtoto ni wao, hakuna kurudi nyuma. Kimeu alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza polepole, "Shemeji, kwani wewe ni nani kwa huyo kijana?"

"Mimi ni mama ya Mwende."

"Basi umejijibu."

Hapo nikakukumbuka wewe. Ile siku mama yangu alipita na debe la maji, ukaruka nyuma ya ghala na sahani mkononi, ukasimama huko mpaka ndengu zikapoa. Dada zangu wakakucheka. Mama hakucheka. Alisema, "Huyo ana nthoni," na hiyo haya ya mkwe mbele ya mama mkwe ndiyo ilikupa mke. Siku hizi vijana wanakumbatia mama wakwe wapigwe picha, nikafikiri nthoni iliisha na nyinyi. Tena nilikuwa nimesahau kwamba sasa mama mkwe ni mimi.

Niliporudi, Mwende aliniwekea mezani kikombe kidogo kama cha Meza ya Bwana. Akasema inaitwa espreso, Musyoka ameikamua kwa kapampu ka mkono huko nyuma ya tangi. Nilinusa kwanza. Nikaonja. Ni chungu, nisikudanganye, lakini chini ya uchungu kuna utamu kama zambarau iliyoiva. Hilo ni shamba letu, Baba Mwende. Miaka yote hiyo tuliubeba huo utamu mgongoni tukawapelekea wengine. Nikamtuma Mwende amwambie asage nyingine, nikaiweka upande wako wa meza, ikakaa hapo mpaka ikapoa.

Bado simwamini kabisa. Mtu anayesaga polepole hivyo anaweza kuwa mvumilivu, ama anaweza kuwa mvivu, na kwa dirisha huwezi kujua. Nimemwambia Kimeu amchunguze kwa jembe. Lakini geti nitalifungua mimi mwenyewe, na nitavaa ile leso uliyoipenda.

Pumzika, mume wangu. Wewe huna safari, uko hapa hapa. Wengine wote, wa kwetu, wa Kyuso na akina mama wa kanisa, nawangoja Jumamosi ya kwanza ya Desemba.

Mkeo,
Mama Mwende