Uzi wa Gitaa Ndani ya Bahasha

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na mama mkwe wako bado anakugombeza kuhusu chumvi, maana siku akinyamaza ndipo nitakapoogopa. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio haunipi raha, na sababu yake ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu.

Kabla hujaendelea, funga mlango wa chumba. Usiisome hii kwa sauti kama ulivyozoea, na mama mkwe asiione. Hicho kilichoviringwa ndani ya bahasha kiweke mezani kwanza, nitakifikia. Nakuomba jambo moja tu: usiende kumsikiliza Kidole Jumamosi kabla hujafika mwisho wa barua hii.

Barua yako niliipata Jumanne kazini, katikati ya mashuka ya hospitali na mvuke wa pasi. Uliandika kwamba Kidole anakuja mjini kwenu, kwamba mmepata viti vya mbele kabisa, na kwamba mama mkwe ameshashona gauni. Nilikaa chini juu ya tenga la nguo. Msimamizi aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Wewe Kidole unamjua kwa zile kanda za baba, tulizozisikiliza mpaka zikaanza kukwaruza. Lakini kanda si kitu, dada! Alipokuja huku mwezi uliopita, Jumapili alasiri, ukumbi wa shule ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Akaingia mzee mfupi, koti limempwaya, akakaa kwenye kiti cha kawaida tu, akavua viatu, akapakata gitaa. Hakusalimu. Akaupiga uzi mmoja, akauvuta polepole mpaka ukalia kama mtu anayejizuia kulia, na hapo watu wazima wakaanza kutafuta leso. Kando yangu alikuwepo dereva wa lori, jitu la miraba minne, analia waziwazi huku amenishika mkono, na wala hatujuani. Hiyo bluzi yake, muziki wa wenye huzuni, haikuulizi wewe ni nani. Inakufuata hukohuko ulikojificha.

Ana desturi yake. Kabla ya wimbo wa mwisho kofia inapitishwa, na mwenye donge moyoni analiandika kwenye karatasi bila jina. Yeye anachomoa moja, anaisoma, halafu anaitungia wimbo papo hapo. Mwenye karatasi akipenda anasimama, na Kidole anaufungua uzi mwembamba kuliko zote kwenye gitaa lake na kumpa.

Miaka sita nimekwenda kumsikiliza, na miaka sita nimetumbukiza karatasi tupu. Niandike nini mimi? Kwamba nimeunguza foronya? Sijaoa, sina mtoto, na wazazi wetu tuliwazika wameshazeeka na kutushiba. Nilikuwa nikiwaonea wivu wenye machungu. Ndiyo, wivu. Upumbavu ulioje!

Safari hii karatasi yangu haikuwa tupu, na ndiyo aliyoichomoa. Alisoma kwamba kuna mtu aligombana asubuhi na mwenzake kwa ajili ya shati lisilopigwa pasi. Kwamba mwenzake alipotoka aligonga kioo cha dirisha kama kila siku, moja, halafu mbili za harakaharaka, akasimama kungoja ajibiwe. Kwamba aliyekuwa ndani aliongeza sauti ya redio. Kwamba mwenzake alikwenda kazini, akapanda nguzo ya umeme, na hakurudi.

Naam, dada. Dirisha lako. Mume wako. Mahali pako niliandika "mimi".

Kidole aliiweka karatasi gotini, akagonga ubao wa gitaa: moja, halafu mbili za harakaharaka. Akangoja. Ukumbi mzima ukamjibu, watu wanagonga viti, wanagonga kuta, moja, halafu mbili, jibu lilelile ambalo shemeji hakulipata. Nikajikuta nimesimama, na uzi nikapewa. Walinikumbatia, bibi mmoja akanifuta uso kwa kitambaa chake, na yule dereva hakutaka kuniachia. Sikufichi: nililia kweli, na kuliliwa na watu kulininogea. Wiki nzima kazini nilipewa nafasi ya karibu na feni. Sikumwambia mtu kwamba sijawahi kuwa na mwenzangu, wala redio sina.

Siri ile ulinipa jikoni kwako mwaka jana, unamenya viazi, hukuinua uso. Ulisema hujamwambia mtu mwingine yeyote, na mama mkwe ndiye hatakiwi kabisa kujua, kwa kuwa kinachomfanya alale ni kuamini kwamba mwanawe alitoka nyumbani ameagwa vizuri. Halafu ukasema kuanzia siku hiyo hutaniita tena Kasuku, jina ulilonipa utotoni kwa kuropoka kila nilichosikia. Nilitoka jikoni kwako najiona mtu mzima.

Sasa wimbo ule Kidole anaupiga kila mji, na kila ukumbi unagonga. Mama mkwe hatahitaji hata maneno. Uliniambia ni yeye aliyemfundisha mwanawe kugonga vile, akiwa hajafikia kitasa.

Jana niliomba ruhusa nikapanda basi mpaka mji alipo Kidole. Nilimkuta uani, nyumba ya wageni, anabadilisha nyuzi. Nikamwambia yote. Laiti angenifokea! Aliniuliza tu kama dada bado anawasha redio. Nikamwambia tangu siku ile hujaiwasha. Akaukaza uzi aliokuwa anaufunga, kisha akasema wimbo si wake na si wangu, nikupelekee uzi. Jumamosi ukimkabidhi bawabu uzi huo mlangoni, hataupiga wimbo huo kwenu wala popote tena. Ukibaki nao, ataupiga.

Basi huo uliopo mezani ndio wenyewe. Haukuwa wangu hata dakika moja. Sikuombi msamaha humu, maana nitakuwa nakuomba kitu kingine tena. Uamuzi ni wako, wa uzi na wa mama mkwe, na ukinihitaji nije nisimame mbele yake, nitakuja.

Yule jirani wa juu anakusalimu, na paka uliyeniachia amenenepa mpaka anaona uvivu kuruka. Salamu za mama mkwe sijaziandika. Zimpe wewe, kama ukiona zinafaa.

Ni mimi mdogo wako,

Kasuku