Mama Ameruhusiwa Kula

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Wewe na shemeji mnaendeleaje? Mtoto ameshaota jino? Sisi huku tupo. Nilitaka kuandika kwamba hatujambo, lakini mkono umekataa.

Uliniuliza kwenye simu matibabu ya Mama yanakwendaje, nami nikampa Baba simu. Unajua nilivyo. Daktari alitueleza kwamba seli za saratani zina uroho wa sukari. Vidonge vinazizuia zisiitumie, na mlo mdogo unafanya hata sukari ya kuiba isipatikane. Ndiyo maana kila awamu ya vidonge ilipokaribia, Mama alikula mboga za kuchemsha na supu nyepesi tu. Tangu nimalize shule, mpishi nilikuwa mimi.

Baba alikuwa akijifungia bafuni kula mkate, Mama asisikie harufu. Mama akawa anauliza kutoka kitandani ni nani anatafuna huko, na kama ni panya basi apunguze kasi, atapaliwa. Tulicheka. Magauni yake yote Baba ameshayapunguza kwa cherehani, mengine mara mbili.

Jumatatu nilimsindikiza kliniki. Daktari alitazama picha, akavua miwani, akasema vidonge visimame, na Mama ale chochote anachopenda. Mama akamuuliza kama uvimbe umekua. Akasema ndiyo, na umefika kwenye ini. Mama akamshukuru, akaniomba nimshikie mkoba.

Nyumbani alimwambia Baba ameruhusiwa kula. Hakuongeza neno. Baba akapiga kigelegele, mwanamume mzima, akakimbilia buchani bila kufunga duka lake. Sasa anapika yeye, mimi ananiambia nisogee, mlo wa hospitali umekwisha. Mama hula vijiko viwili, humsifu, kisha Baba akigeuka hunisogezea sahani niimalize. Nimenenepa, dada.

Mama amenikataza kumwambia Baba. Kukuambia wewe hakunikataza, labda alisahau. Silii, wala sijui kwa nini. Naosha vyombo, nalala, naamka. Jana Baba aliniuliza nadhani Mama atakuwa ameongeza kilo ngapi mwisho wa mwezi. Nikasema sijui.

Tafadhali usiulize kitu kwenye simu. Njoo tu na mtoto, useme mmetukumbuka. Usichelewe.

Msalimie shemeji. Mama anakusalimu sana. Baba naye anakusalimu, anasema mkija mtakuta nyama.

Mdogo wako,
Kitinda