Bustani ya Mama, Mtawanya

Jumamosi, 7 Desemba 2024
Somo la kwanza. Mwalimu Beatrice, mtu wa Bukoba, anafanya kazi ya misitu hapa Mtwara. Anatufundisha kupanga bustani ya nyumbani kwa mimea ya asili ya huku huku. Amesema tusikimbilie kupanda. Kwanza tutazame kiwanja: maji ya mvua yanapita wapi, jua la mchana linachoma wapi, watu wanapenda kukaa wapi.

Mama hapendi kukaa popote. Tangu nimtoe kijijini kwake Mpapura anazunguka uani, anauliza njia ya kurudi. Daktari alishaniambia – kusahau huku hakuponi. Lakini nikimzungushia vichaka vya kwao, labda ataacha kutafuta geti. Labda!

Jumanne, 10 Desemba
Nimechora ramani ya bustani. Mtonga upande wa magharibi utoe kivuli – sijui mwaka gani. Mtopetope mwitu karibu na dirisha lake. Mbura kona ya nyuma. Katikati benchi, na nyasi za asili pembeni.

Nimempigia kaka Hashimu, yeye bado yuko Mpapura, anitafutie miche. Akasema ukuta mmoja wa nyumba ya Mama umeanguka, nisimwambie. Nimwambie nini? Kila asubuhi ananiaga kwamba anakwenda kuifagia.

Jumapili, 22 Desemba
Miche imekuja na bodaboda, mingine imekauka njiani. Nimepanda hivyo hivyo.

Nimempa Mama jani la mtopetope. Kalinusa, kalitupa. "Mkorosho wangu uko wapi?"

Nikamuuliza Mwalimu kwenye simu kama naweza kuuchomeka mkorosho. Akacheka kidogo. Mkorosho si wa asili, dada Riziki, uliletwa na wageni zamani. Haya. Mama alilelewa na mikorosho, akatulea na sisi kwa mikorosho hiyo hiyo. Nani atamweleza?

Jumatatu, 6 Januari 2025
Mtonga umekufa. Mama hali chakula.

Ijumaa, 17 Januari
Mvua kubwa tangu alfajiri, kisha jua. Nimekwenda sokoni. Narudi – Mama ana jembe langu! Kajifunga khanga kiunoni, analima. Mtopetope, mbura, nyasi zote nilizopanga kwa kimo kama tulivyofundishwa – vimeng'olewa, vimelundikwa ukutani, mizizi juu. Kwake ni magugu tu.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini alikuwa anaimba. Sijamsikia akiimba tangu aje.

Nikapiga picha nimtumie Mwalimu. Nikaifuta.

Aliponiona akaweka jembe chini, akapiga goti. Mama yangu!

"Shikamoo, mwenye shamba. Palizi nimemaliza. Naomba ruhusa nirudi nyumbani. Mwanangu Riziki hajala tangu asubuhi."

Mama kuniamkia mimi. Ningeitikaje marahaba? Nikamwambia, Mama, Riziki ni mimi. Akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mgeni usiyesikia lugha yake. Akasema, basi nitangoja.

Kakaa chini karibu na geti, miguu yote matope. Naandika jikoni, mlango wazi, namwona. Kila mara anageuka kutazama kama nimeshaamua. Nikikataa, nimemfunga. Nikimruhusu, aende wapi? Kwenye ule ukuta?

Anakung'uta khanga. Anasimama –